Nukta za Bondeni

Mwalimu wetu wa hesabu hakuwa mtu wa kuamini namba kwa kuisikia tu. Ukimwambia mwaka huu mvua imepungua, anakuuliza umeichora wapi. Ukimwambia bei ya maharage imepanda, anachomoa kwapani karatasi zake za grafu na kukuonyesha kwamba imepanda kweli, lakini kidogo kuliko kelele zako. Karatasi hizo alitembea nazo kila mahali, zimekunjwa ndani ya koti la kahawia alilolivaa mwaka mzima, kwa kuwa upepo wa Sumbawanga hauna likizo. Jina lake nalijua vizuri, ila sikuwahi kulitamka mbele yake na sitaanza leo. Mjini tulimwita Mwalimu, basi. Hata walimu wenzake wakiwa wamejaa sehemu, ukisema Mwalimu kila mmoja alijua si yeye anayeitwa.

Yeye kwa upande wake hakuwa na habari na majina yetu. Alituita kwa namba za daftari la mahudhurio, na namba hiyo ulizeeka nayo. Mimi nilikuwa Kumi na Saba. Nikamaliza shule, nikaolewa, nikazaa, nikafungua duka la steshenari karibu na soko, bado nikawa Kumi na Saba. Siku moja kanisani, kwenye harusi, alimwomba Nne asogee kidogo ili Thelathini na Mbili apate kukaa. Nne alikuwa mkuu wa idara, ana tumbo na walinzi wa heshima, na alisogea haraka kama mtoto wa kidato cha kwanza. Nilicheka mpaka mama mmoja mbele yangu akageuka.

Hakuwahi kutuchapa kwa kuchelewa. Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi. Alibandika ukutani karatasi kubwa, kila mwanafunzi na mstari wake, na kila asubuhi aliweka nukta kuonyesha umechelewa dakika ngapi. Hasemi kitu. Baada ya wiki tatu kila mmoja alikuwa anajiona pale ukutani, uvivu wake wote umeanikwa. Msichana mmoja nukta zake zilipanda juu kila Jumanne na Ijumaa, siku nyingine zilikuwa chini kabisa. Sisi tulimcheka. Mwalimu alipanda baiskeli akaenda hadi kwao, akakuta siku hizo mbili ndizo anazompeleka bibi yake hospitali kubadilishiwa kidonda. Kuanzia hapo somo la kwanza la Jumanne na Ijumaa likawa la michezo, na hakuna aliyeambiwa sababu. Mimi alinipa jibu nilipomuuliza: "Nukta haisemi uongo, Kumi na Saba, lakini sababu haisemi. Sababu unaifuata kwa miguu."

Msidhani alikuwa malaika. Sokoni alikuwa kituko. Mtu huyo aliyeweza kukuchorea bei za miaka yote hakuweza kupunguziwa hata senti, akina mama wauza maharage walimwita kwa shangwe kutoka mbali, na mkewe mwishowe alimpiga marufuku kununua chochote zaidi ya chumvi. Kwenye drafti alikuwa mwizi, nasema wazi. Ukigeuka kupiga chafya, kizibo chako kimoja hakipo. Ukimlalamikia anakwambia umehesabu vibaya, na nani atabishana na mwalimu wa hesabu? Mshindani wake mkubwa wa drafti alikuwa baba yangu, na walipeana majina mabaya kila Jumapili baada ya misa kwa miaka isiyopungua ishirini.

Baba alikuwa mpimaji kwenye ghala la chama chetu cha ushirika. Kazi yake ilikuwa debe. Mkulima analeta mahindi, baba anajaza debe, anapiga mkono juu kulisawazisha, anamimina guniani. Debe sita ni gunia. Alihesabu kwa sauti, moja mpaka sita, halafu anasema "gunia" na kuweka punje moja kwenye kibao, kisha anaanza tena moja. Alifanya hivyo tangu kabla sijazaliwa, na hesabu ile ilimwingia kwenye damu. Nyumbani alihesabu mayai kwa sita, viti vya msibani kwa sita, hata wageni. Ukimuuliza watu wangapi wamekuja, anasema gunia nne na nusu, nasi tunajua ni ishirini na saba. Mimi mwenyewe nilijifunza kuhesabu hivyo kabla ya kwenda shule, na Mwalimu ndiye aliyenitoa huko kwa shida.

Ulipofika uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika, wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni mwenyekiti aliyekuwepo, mtu wa maneno matamu. Mwingine ni mama mmoja mkulima wa ulezi kutoka huku juu uwandani, ambaye alikuwa na hoja moja tu, lakini nzito. Alisema akichaguliwa debe linakwisha, italetwa mizani ya kielektroniki, kila mkulima aone kilo zake mwenyewe kwa macho. Wakulima walimpenda. Baba alikaa kimya mezani wiki nzima. Mtu wa debe akiondolewa debe anabaki na nini? Nilimwonea huruma, na sikufikiria zaidi ya hapo.

Kura zilipigwa vijijini. Za uwandani zilifika ghalani siku ile ile. Za bondeni, kuanzia Muze mpaka Mtowisa, zilipanda mlima Jumamosi kwa lori, masanduku na fomu zake, zikiletwa na karani wa bonde aliyeitwa Linus. Ziliwekwa ghalani zisubiri Jumatatu, na ufunguo wa ghala alikuwa nao baba kama siku zote. Jumatatu zikasomwa fomu. Mwenyekiti ameshinda, na ushindi wake wote umetoka bondeni. Watu waliguna, wakasema bondeni wana mambo yao, wakarudi mashambani.

Mwalimu hakurudi popote. Alikuwa katibu wa kamati ya usimamizi, kazi ambayo kwa wengine ni ya kunywea soda. Aliomba nakala za fomu zote, akajifungia nazo siku mbili, halafu akaja dukani kwangu asubuhi, mashine zangu bado baridi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Kumi na Saba. Hii nataka uikuze iwe kama mlango."

Niliwahi kumwambia mara nyingi kwamba kompyuta yangu inaweza kumchorea grafu kwa dakika moja. Alikataa kila mara. Alisema kompyuta inamaliza kuchora kabla yeye hajaanza kuangalia. Basi aliitandaza karatasi yake juu ya kaunta, ile ya visanduku vidogo vya kijani, na kalamu yake ya risasi iliyochongwa kwa wembe. Kila kijiji kilikuwa nukta moja. Mstari wa chini ni watu waliopiga kura, mstari wa kusimama ni kura za mwenyekiti.

"Unaona nini?"

"Nukta, Mwalimu."

"Nukta anaziona kila mtu. Zimekaaje?"

Niliinama. Za uwandani zilikuwa zimetawanyika ovyo, kama ulezi uliorushwa kwa mkono. Za bondeni zilisimama kwenye mistari kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, nafasi sawa kulia, nafasi sawa juu. Ukiangalia fomu moja moja huoni kitu. Ukiziangalia zote pamoja, unajiuliza ulikuwa na macho ya nini.

"Nimehesabu visanduku," akasema. "Vijiji kumi na kimoja. Waliopiga kura wanagawanyika kwa sita. Kura za mwenyekiti zinagawanyika kwa sita. Kote. Hakuna kijiji hata kimoja chenye mtu mmoja wa ziada. Watu hawaji hivyo, Kumi na Saba. Watu wanakuja na kilema wao, na mgeni wao, na mama aliyechelewa."

Nilisikia sauti ya baba kabisa, moja mpaka sita, gunia, na punje ikigonga kibao. Nilijua hapo hapo, nikiwa nimeshika ukingo wa karatasi, na nilishangaa kwamba dunia inaendelea, kwamba kuna bodaboda inapiga honi nje na mtu anaulizia bei ya madaftari.

"Nani anahesabu hivi?" Mwalimu akauliza. Hakuniuliza kama mtu anayeshuku. Aliuliza kama alivyouliza swali ubaoni, akiwa na hamu ya kweli ya jibu.

"Sijui, Mwalimu."

Nikaiwasha mashine. Nilikuza picha ile vipande vinane, nikaviunganisha kwa gundi mwenyewe, nikavinyoosha kwa rula visipishane hata kidogo.

Mkutano wa wanachama ulifanyika ghalani. Picha ikatundikwa ukutani juu ya magunia, na Mwalimu, ambaye darasani alikuwa simba lakini mbele ya watu wazima alikosa sauti, alieleza kwa maneno machache sana. Halafu akasimama mama mmoja mzee wa Mtowisa, khanga imefungwa kiunoni.

"Mimi sijui hizo nukta," akasema. "Ila siku ile kwetu nilipiga kura wa mwisho. Karani akanitania, mama umetuharibia, tulikuwa mia moja na hamsini kamili. Kwa hiyo mimi ndiye wa mia moja hamsini na moja. Hiyo karatasi yenu inasema tulikuwa mia moja na themanini. Hao wengine walikaa wapi?"

Ghala zima liliguna kwa pamoja. Yakafunguliwa masanduku ya bondeni, kura zikahesabiwa mbele ya kila mtu, na hakuna sanduku hata moja lililolingana na fomu yake. Mwenyekiti aliapa kwamba hajui lolote, akajiuzulu. Uchaguzi ukarudiwa, mama wa ulezi akashinda, na mizani ikaja. Mimi siku hiyo sikuangalia masanduku. Nilimwangalia baba, aliyekaa kwenye benchi lake kando ya debe, akiitazama ile picha kama mtu aliyekuta sura yake ukutani wala hakumbuki alipigwa lini. Hakuniangalia hata mara moja.

Lakini fomu za uongo zilikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa ya Linus. Alijieleza. Alisema barabara ya bondeni wakati wa mvua inaharibu karatasi, kwa hiyo makarani wote husaini fomu za akiba zikiwa tupu, wasije wakakwama. Hizo za akiba alizirudisha ghalani pamoja na zingine. Ni kweli, walikuwa wanafanya hivyo, kila mtu alijua. Ila ikisemwa mkutanoni, na watu wana hasira, ilisikika kama uongo wa kitoto. Kamati ikamwondoa kazini na kumfuta uanachama, na barua akaiandika Mwalimu. Aliyetufundisha kwamba sababu inafuatwa kwa miguu, safari hii hakupanda hata baiskeli. Alikuwa na hasira kupita kiasi, nadhani. Kudanganywa kwa namba alikuchukulia kama kutukanwa mzazi.

Barua hiyo aliniletea niichape. Niliichapa mimi, kwa vidole hivi. "Kwa kuwa umebainika kughushi matokeo." Nilimuuliza Mwalimu kama kughushi ni kwa g-h. Akaniambia ndiyo.

Baba alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, kwa kifua. Hatukuwahi kulizungumza, yeye na mimi. Nilijiambia namlinda. Nilijiambia Linus bado ana nguvu zake, ana shamba, bondeni mpunga hauna shida, lakini baba mzee akitajwa atakufa kwa aibu. Alipokufa nikajiambia marehemu hasemwi. Mtu akitaka sababu ya kunyamaza hakosi.

Mwaka huu nilikwenda kumwona Mwalimu nyumbani. Amestaafu siku nyingi, mgongo umepinda, macho yameingia ukungu, na sasa anachora kwa kalamu nene za rangi ambazo wajukuu wanamnunulia. Alifurahi kuniona. Kitandani alikuwa ametandaza michoro yake anayotaka kuipa shule, wapate kufundishia. Ule wa nukta za bondeni aliuchora upya kwa mkono wake, mzuri kuliko wa kwanza, uwandani kwa bluu na bonde kwa nyekundu. Alitaka niupeleke dukani nikauvalishe plastiki. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa jinsi udanganyifu ulivyogunduliwa, na jina kamili la Linus kama mtu aliyefanya.

Nilisoma jina lile mara tatu. Nilifikiria watoto wa kidato cha pili wakilisoma kila mwaka, na miongoni mwao siku moja mtoto wa Linus.

"Mwalimu, lifute hilo jina."

"Kwa nini?"

"Si yeye. Ni baba. Baba alihesabu kwa sita maisha yake yote. Ufunguo alikuwa nao."

Alikaa akiniangalia kwa macho yake ya ukungu, sijui aliona kiasi gani.

"Umejua lini?"

"Siku ile dukani."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hujui. Na barua ukaichapa."

"Nikaichapa, Mwalimu."

Mkewe aliingia na chai, akaziona nyuso zetu, akatoka nayo. Mwalimu alipapasa kalamu kitandani, akalikata jina la Linus kwa mstari mmoja, akakosa, akakata tena. Nilitegemea atanifokea, na nilikuwa nataka anifokee.

"Mimi nilicheza drafti na mtu yule miaka ishirini," akasema. "Nimemsikia akihesabu vizibo vyake. Sikusikia. Nikaokota sahihi moja nikaifanya ushahidi. Mwanafunzi akiniletea kazi kama hiyo nampa sifuri." Halafu akasema, "Kesho tunashuka Muze."

"Mwalimu, barabara ile, na mgongo wako."

"Sijauliza habari za mgongo wangu."

Tulishuka. Kule chini joto lilitupokea, na Mwalimu akavua koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Mabega yake yalikuwa membamba mno. Linus tulimkuta nje ya nyumba yake akigeuza mpunga kwenye turubai kwa reki ya mti. Amekonda, mvi zimeanza. Alituamkia vizuri, mkewe akaleta viti na maji ya kunywa, na Mwalimu hakungoja hata kumaliza kikombe.

"Linus, ile barua niliandika mimi, na niliandika uongo. Nimekuja kukuomba radhi. Nitasimama mkutanoni niseme hivyo hivyo mbele ya wanachama, kama nilivyosimama siku ile."

Linus aliendelea kugeuza mpunga taratibu.

"Mwalimu, ahsante. Mimi aliyefanya nilishamjua zamani. Mzee mwenyewe alikuja hapa kabla hajafa. Alikuja na mbuzi. Alikaa kwenye hicho kiti alichokaa dada, akalia mpaka watoto wakaogopa."

Baba, na kifua kile, alishuka mlima ule peke yake.

"Alitaka arudi juu akaseme mkutanoni," Linus akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Aliniambia ana binti mmoja, ana duka mjini, hajui lolote, anamwona babake mtu safi. Akasema huyo binti akija kujua, ndiyo mwisho wake. Nikaona mimi jina langu limeshaharibika, nimeshazoea, ya nini kumvunja mtoto wa watu ambaye hana kosa? Nikamwambia, mzee nenda, mwache binti yako akae na amani yake."

Kisha akanigeukia, na usoni mwake palikuwa na huruma tupu, huruma ambayo alikuwa ameniwekea miaka yote hiyo.

"Pole sana dada. Mimi sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nani amekwenda kukuambia?"

Mwalimu aliangalia chini, kwenye mpunga. Nilijua hatanisaidia, na hakupaswa.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

Linus aliacha kugeuza mpunga.